Mganga wa Majengo

Walimzika Dar es Salaam, na mimi nikakatazwa kumwigiza.

Nilikuwa nimejiandaa. Mfukoni nilibeba suruali ya kiume na miwani isiyo na vioo, maana mtani haendi msibani mikono mitupu. Nilipolisogelea kaburi, kijana mmoja aliyening'iniza kitambulisho shingoni akanishika bega taratibu. "Mama, samahani, ratiba haina kipengele hicho." Akaniongoza hadi kwenye kiti kilichovishwa kitambaa cheupe, akanipa maji ya chupa. Nikakaa, nikayanywa yote. Kile kitambaa cha kiti kilishonwa ovyo, pindo limekwenda upande, na siku nyingine ningeugua kwa kukitazama tu. Siku hiyo hakuna kilichoniuma.

Kwa asiyeyajua mambo yetu ya Uluguru, niseme kidogo. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu kwa mabibi. Mtani anaruhusiwa kukutukana ukiwa hai, na ukifa ana kazi ya kukuzika. Na katika kukuzika huko ni lazima akuigize. Avae ulivyovaa, atembee ulivyotembea, aseme maneno yako, mpaka wafiwa wacheke na kamasi zinawatoka. Wazee wetu husema maiti asiyeigizwa hajaagwa. Basi yeye hajaagwa. Na sitamsingizia kijana wa ratiba peke yake. Hata angeniachia uwanja, sikuwa na hakika nimwigize yupi. Nilimjua akiwa daktari wa kushika wagonjwa, kisha nikamjua akiwa mtu wa kuweka fedha za matajiri katika zahanati, na miaka yote hiyo mtaa wetu mzima wa Mafiga ulimwita Daktari, kama vile hakuna kilichobadilika.

Nimekaa hapa barazani kwangu, mahali pekee duniani ninapopaweza, nijaribu.

Nianze na mkono, kwa sababu hata kipofu angemtambua kwa mkono. Daktari hakuwa anaingia kwenye jengo bila kuligusa. Aligeuza kiganja, akaweka mgongo wa mkono ukutani, namna mama anavyompima mwanawe homa kwenye paji la uso, akanyamaza kidogo. Alifanya hivyo kwenye majengo aliyotaka kuyanunua, alifanya hivyo kanisani, na siku moja alifanya hivyo chooni kwangu. "Ukuta huu una homa," alisema. Maana yake unyevu umepanda kutoka chini na rangi itabanduka masika yakifika. Akiridhika alisema, "Huu mzima," akaingia.

Ndipo nikampa jina la Mganga wa Majengo. Yeye aliniita Konokono, kwa kuwa sitoki nyumbani.

"Konokono, leo umesafiri mpaka wapi?"

"Nimetoka chumbani nimefika barazani, Mganga. Barabara nzuri, namshukuru Mungu."

"Hukupumzika njiani?"

"Nilipumzika jikoni, nikala kiporo."

Hakuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Alitoa pumzi puani, mara moja, hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yangu. Mimi ni fundi cherehani, elimu yangu kidato cha nne, na cheti changu kimenisaidia sana: nilikibandika dirishani kioo kilipovunjika, na upepo haupiti. Mtu kama mimi, ukimpa pumzi moja ya puani, anaishi nayo wiki nzima.

Koti lake jeupe la kwanza nililishona mimi, alipopangiwa kazi hospitali ya serikali. Kitambaa kililetwa na mama yake. Huyo mama alikuwa akiishi huko juu, kijiji cha misheni, ambako wingu likikaa jikoni linakaa mpaka adhuhuri. Alilima kabichi, karoti na njegere, akazishusha mjini kwa kichwa, na mboga hizo ndizo zilizomsomesha mwanawe. Siku ile aliweka kitambaa juu ya cherehani yangu, akafuta vidole kwenye khanga kabla ya kukigusa tena.

"Mshonee mikono mirefu," akaniambia. "Nataka wakimwona kwa mbali waone mikono."

"Mama, koti la daktari lina mfuko pia. Mfuko nao mrefu?"

"Mfuko shona wowote."

Hayo maneno nilikuja kuyakumbuka baadaye, lakini yasikupe shida. Wakati ule niliyachukua kama maneno ya mama yeyote mwenye mtoto msomi.

Hospitalini hakukaa sana. Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara huria imeingia. Mitumba ilimwagika sokoni mpaka wateja wangu wakawa wananiletea suruali za Ulaya nizipunguze kiuno, na mimi niliyejiita fundi wa kushona nikawa fundi wa kupunguza. Kwa Daktari nako kulikuwa na kupunguza. Mgonjwa alikuja na glovu zake, sindano yake, wakati mwingine na mshumaa wake. Jioni Daktari alipita barazani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja ambalo halikuwa na wateja.

"Leo vipi?"

"Leo nimewaambia watu majina ya magonjwa yao."

"Na dawa?"

"Majina tu, Konokono."

Alikuwa na msemo: hospitali isiyo na dawa ni kanisa lisilo na Mungu, watu wanapiga magoti kwa mazoea. Padre alimsikia akiusema, akamwambia aache. Hakuacha, ila akawa anautazama mlango kwanza.

Kisha serikali ikaruhusu tena watu binafsi kufungua hospitali. Wenzake waliona nafasi ya kufungua vyumba vyao na kutibu jioni. Yeye akaona kitu kingine. Alikwenda kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ambaye mimi hununua kwake nyuzi na bitana, akamwambia aligeuze ghala lake liwe zahanati. Nilikuwepo, ni moja ya safari zangu kubwa, nilitoka Mafiga mpaka sokoni.

"Daktari, mimi ninauza bafta," yule mzee alisema. "Bafta haifi mkononi mwangu."

"Bafta mitumba inaiua, mzee wangu. Muulize huyu fundi."

Mzee akanigeukia. Nikamwambia kweli, inakufa, na mimi niko karibu kuifuata.

"Na nani atawatibu hao wagonjwa? Wewe?"

"Nitaajiri daktari. Mimi nitaangalia jengo, hadubini, friji ya dawa, mafuta ya jenereta. Daktari mmoja anaona foleni yake tu. Mtu akiweka fedha mahali pazuri, foleni kumi zinaonwa."

"Umesomea miaka yote hiyo ili uangalie jenereta?"

Daktari aliweka mgongo wa mkono kwenye ukuta wa lile ghala. "Huu mzima," akasema. Wakapeana mikono.

Kutoka hapo alipaa. Alichukuliwa na kampuni moja Dar iliyokuwa ikitafuta mahali pa kuwekeza katika afya, akawa anazunguka mikoani, ila nyumba yake ya Mafiga hakuiacha. Zahanati ya pili ikafunguliwa Mlali, ya tatu Turiani. Alijifunza maneno mapya, mtaji, hisa, mzunguko, na alipoyatamka alipunguza sauti, kama zamani alivyokuwa akitamka majina ya magonjwa mbele ya ndugu wa mgonjwa. Alikuja na koti lake jeupe akaliweka juu ya cherehani.

"Lipunguze mikono. Yule daktari niliyemwajiri wa Mlali ni mfupi."

"Unagawa koti?"

"Limekaa kabatini tu."

"Mama yako anajua?"

"Punguza mikono, mtani."

Nikapunguza. Vipande vilivyobaki nikashonea mto wa sindano, ninao mpaka leo.

Ukitaka kumsema vibaya, kuna pa kusemea. Zahanati ya Turiani aliifunga kwa sababu haikujilipa, akaja akanisimulia huku akimenya chungwa, ganda halikukatika. Ukitaka kumsema vizuri, kuna pa kusemea pia. Shemeji yangu wa Mlali alijifungulia penye taa na maji ya bomba, mtoto alikuwa amekaa vibaya, akatoka mzima, na kabla ya zahanati ile mambo kama hayo yaliishia kwenye mkokoteni. Mimi sipimi. Alivyokuwa hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa akilala kwenye hoteli zenye zulia, akirudi hapa anakula ugali kwangu na mboga ya majani ya maboga, analamba vidole. Alijua bei ya kila mashine ya kupimia damu, lakini yeye mwenyewe sindano aliiogopa, malaria ikimpata alimeza vidonge kutoka kioski akajifunika blanketi. Na kitu kimoja hakufanya tena: hakumgusa mgonjwa.

Hapo ndipo palipokuwa na vita yake na mama yake.

Mama aliendelea kushuka mlimani kila siku ya soko, tenga kichwani, na nyuma yake wameandamana wagonjwa wa kule juu. Mmoja kifua, mmoja jipu, mmoja mtoto mgongoni. Aliwapanga kwenye geti la mwanawe, akapiga hodi. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, cherehani inasimama yenyewe.

"Mwanangu daktari yupo?"

Daktari alitoka, akamwamkia mama yake kwa heshima zote, akampokea tenga. Kisha alisimama upande wake wa geti, wao upande wao.

"Shikamoo, baba. Kifua kimeanza lini?"

"Marahaba. Tangu maharage yalipoanza maua."

"Unakohoa damu?"

"Hapana."

"Nendeni zahanati, waambieni nimewatuma. Hamtalipa."

Na kweli hawakulipa; alilipa yeye, na hakumdai mtu. Wagonjwa walishukuru, wakaondoka. Aliyebaki amesimama alikuwa mama.

"Nimewaleta kwako. Wewe unawatuma kwa watu."

"Mama, huyo wa zahanati ni daktari mzuri."

"Ni mzuri. Simjui. Huyo sikumlimia kabichi."

Nilimuuliza mwenyewe, kwa ruhusa ya utani. "Mganga, kumshika mzee kifua kutakupunguzia nini? Hisa?"

Akanijibu. "Mkono unasahau, Konokono. Wewe usiposhona mwaka mmoja, mshono unakwenda upande, mteja anarudi anakutukana. Mimi nikikosea, mteja harudi."

"Basi ujikumbushe."

"Kwa nani? Kwa wajomba zangu hawa wa kule juu?"

Jambo la ajabu ni kwamba alikuwa sahihi, na mama yake alikuwa sahihi, na mimi niliyekuwa napokea kabichi za bure kutoka pande zote mbili sikuona haraka ya kuwapatanisha.

Mwaka ambao mvua zilikataa kukatika, mama aliugua. Watu wa kijijini walimbeba kwa machela mpaka zahanati ya Mlali, ile ya mwanawe. Akatundikiwa dripu, akapewa kitanda cha dirishani. Aliuliza swali moja, "Yeye yuko wapi?" Wakamwambia yuko Dar, ameshapigiwa simu. "Basi nirudisheni, nimsubirie nyumbani." Na alikuwa mama wa ukoo, akisema nirudisheni anarudishwa. Daktari alikuja na gari la kampuni mpaka barabara ilipokwisha, kisha akapanda kwa miguu kwenye tope, amemchukua yule daktari mfupi wa Mlali, na begi la dawa. Walikaa naye mpaka mwisho. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia ndani, kila aliyejua alisema hivyo, na dawa zilizotolewa zilikuwa ndizo. Hakuna aliyelaumiwa. Kilichotokea ndani ya kile chumba sikukisikia wakati ule, na sikuuliza.

Nilipanda kwenda kuzika. Ndiyo, mimi, Konokono. Nilipumzika kila penye jiwe. Kwa kuwa utani unakwenda kwa ukoo wa mama, kumwigiza mama yake ilikuwa kazi yangu vilevile. Nilifunga khanga zake, nikajitwika tenga la kabichi, nikasimamisha watu nyuma yangu kwa mstari, mmoja anakohoa, mmoja anachechemea. Nikaenda mpaka mbele ya mfiwa, nikapiga hodi hewani.

"Mwanangu daktari yupo?"

Msiba mzima ulicheka. Wanawake waliangukiana. Padre aligeuka upande akajifanya anatafuta kitu kwenye kitabu. Daktari alinitazama tu. Desturi inataka mfiwa amlipe mtani faini ili aondoke. Aliingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu, akauingiza mfuko mwingine. Nikarudia, kama inavyotakiwa, "Yupo, au hayupo?" Akanipa noti bila kuitazama. Uso wake ulikuwa kama ukuta mzima, usio na unyevu popote.

Baada ya hapo tukaendelea kuishi. Yeye alisafiri zaidi, mimi nilipunguza viuno vya watu. Wagonjwa wa kule juu waliendelea kushuka peke yao, wakajipanga getini, na mlinzi akawa anawaambia maneno yaleyale, nendeni zahanati, waambieni nimewatuma, ingawa mlinzi hakuwa na cheo cha kumtuma hata paka. Zahanati iliwapokea. Agizo lilikuwa limeshatolewa.

Mara ya mwisho nilimwona hapa hapa barazani. Ilikuwa asubuhi, mlima umefunguka wote, jambo ambalo ukilizoea hulitazami. Alishuka kwenye gari akiwa amepungua. Suti ilimning'inia, na kwa mazoea ya kazi nikaanza kuipunguza kwa macho, hapa mabegani, hapa kiunoni, kabla sijakumbuka kwamba aliyepungua ni mtu.

"Konokono, umefika wapi leo?"

"Nimekuja kukupokea, Mganga. Nimetembea hatua zangu zote."

Alikaa kwenye benchi. Nilimpa uji, akaushika tu kikombe. Akaniambia atakwenda India kutibiwa, wamemwekea nafasi katika hospitali kubwa. Nikamuuliza kama hospitali hiyo ameshagusa ukuta wake. Akatoa pumzi puani. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimemuuliza.

"Mama alishika koti."

"Koti gani?"

"Lile ulilopunguza mikono. Yule kijana wa Mlali alikuwa amelivaa. Mama macho yalikuwa yameshakwisha, akaona weupe. Akashika mkono wa koti, akasema, 'Umekuja.'"

"Kijana akasemaje?"

"Alinitazama. Nikamwashiria anyamaze. Akanyamaza, akaachia mkono wake ushikwe. Mpaka basi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa nimeshika ukuta."

Nilitaka kutania. Ni kazi yangu. Nikasikia mdomo wangu ukiuliza, "Ulikuwa na homa?"

"Hapana," akasema. "Ulikuwa mkavu. Nyumba ya udongo, mvua yote ile, na ulikuwa mkavu kabisa."

Akanywa uji kidogo. Barabarani akapita mwanamke wa kule juu na tenga la karoti, akamwona, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Daktari." Akaitikia marahaba. Tukamsindikiza kwa macho mpaka akapotea kona ya sokoni.

"Mtani," akasema. Hakuniita Konokono. "Siku yangu utaniigiza vipi?"

"Unataka nikuigize vipi?"

"Sichagui mimi. Ndiyo maana nauliza. Utabeba mkoba wa mtu wa fedha, au utavaa koti la daktari?"

Hilo ndilo lilikuwa swali langu, nililolibeba miaka yote kama pini mdomoni, na sasa ananiuliza mwenye nalo. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Nikasimama hivyo hivyo. Nikavuta mabega nyuma kama yeye, nikatembea kutoka cherehani mpaka kwenye benchi kwa mwendo wake ule wa kukagua, nikasimama mbele yake. Nikageuza kiganja. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso wake, nikanyamaza kidogo.

Hakusogea. Nadhani alikuwa hajaguswa hivyo siku nyingi. Alifumba macho, akaacha kichwa kiegemee mkononi kwangu, na kilikuwa kizito kuliko nilivyotegemea.

"Nina homa?" akauliza.

"Sijui, mtani. Mimi nimeishia kidato cha nne. Nenda zahanati, waambie nimekutuma."

Akatoa pumzi puani, nikaisikia ikipita kwenye kifundo cha mkono. Kichwa hakukiondoa. Na mimi, nikiwa sina safari, nikabaki nimesimama.